Bunduki kama zawadi: umlipie, umhamishie, uinunue Marekani, au utoe kitu kingine?

Ami yangu anafuga ng'ombe karibu na Witu. Usiku mmoja wa masika simba aliingia zizini akachukua ndama. Asubuhi tulikuta kipande cha kamba kimebaki mtini, fundo lake halijalegea hata kidogo, na alama ya kuburutwa ikielekea kwenye mikoma. Mzee hakulalamika sana. Alisema tu kwamba usiku ule alikuwa na tochi na debe la kupigia kelele, na kwamba simba yule hakuliogopa debe.

Habari ilipowafikia watoto wake wanne, kila mmoja alikuja na zawadi yake. Mkubwa, anayeishi Columbus, Ohio, alisema huko aliko mtu huingia dukani, akanunua bunduki na kumpa babake siku ya kuzaliwa, basi na yeye atamnunulia. Wa pili ana shamba upande wa Magarini na bunduki ya marisau yenye leseni. Alisema atampa ile yake. Binti wa Mombasa alitaka wachangishane, mzee aombe leseni kwa jina lake na anunue mwenyewe. Kitinda mimba akauliza bunduki ya nini, wamwekee baba taa zizini.

Mimi kazi yangu hapa Malindi ni kuwajazia watu fomu na kuwaandikia barua. Si wakili, lakini makaratasi mengi yamepita mikononi mwangu, na ami alipokuja alikaa kwenye kiti cha wateja, akanitajia mawazo yote manne, kisha akaniuliza: "Mwanangu, lipi kati ya haya halitanipeleka jela?" Swali lile limenikaa. Tangu hapo nimeliona tena na tena kwa familia nyingine, hasa zenye kijana ng'ambo, na ndiyo sababu ya kuandika ulinganisho huu.

Mambo ya kupima

Njia zote nne nazipima kwa mambo matano. La kwanza ni karatasi: siku silaha inapobadili mikono, cheti kiko kwa jina la nani? La pili ni pesa: zimetoka kwa nani, zimekwenda kwa nani, na kwa makubaliano gani? La tatu ni njia, yaani silaha inapita wapi mpaka imfikie mwenyewe. La nne ni nyumba: usiku italala wapi, na ufunguo anao nani mwingine? La mwisho ni kesho: mwenyewe akifa, akiugua akili au akizeeka asiweze kuishika, itakuwaje?

Msingi wa Kenya ni Sheria ya Silaha za Moto, Sura ya 114, iliyoanza kutumika mwaka 1954. Inamkataza mtu kununua, kupata au kuwa na bunduki au risasi bila cheti cha kumiliki, kile tunachokiita leseni. Wengi husoma neno "kununua" wakaishia hapo, wakaona kwamba asiyenunua hana kosa. Lakini sheria ile ile imeeleza maana ya "kupata": kukodi, kupokea kama zawadi, na kuazima. Na "kuhamisha" imeelezwa kuwa ni pamoja na kutoa, kukodisha, kuazimisha na kuiachilia mikononi mwa mwingine. Zawadi, kwa hivyo, si upenyo uliosahaulika. Imetajwa kwa jina lake.

Sisi wa pwani tuna mazoea ya hiba. Mtu anasema "nimekupa", mwenzake anasema "nimekubali", kitu kinakabidhiwa, na hiba imetimia. Ikibidi kadhi atawasikiliza mashahidi. Shamba, jahazi, mkufu, vyote huenda hivyo. Kwa bunduki mambo yanageuka, kwa sababu kule kukabidhi, ambako ndiko kunakotimiza hiba, ndiko hasa sheria inakokukataza pasipo cheti. Hata mashahidi wawe kumi na maneno yasemwe kwa nia safi kabisa, mpokeaji asiye na cheti ameshika silaha isiyo halali, na mtoaji ameihamisha kinyume cha sheria. Kifungo chake huhesabiwa kwa miaka. Hilo nilimwambia ami kabla ya jambo jingine lolote, kwa kuwa watoto wawili kati ya wanne walikuwa wanafikiria kitu, bila kufikiria mkono utakaokipokea.

Kumlipia aombe na anunue mwenyewe

Karatasi. Hapa cheti ni cha mzee, kwa jina lake, kabla silaha haijaguswa. Ndiyo nguvu ya njia hii, na ndiyo kazi yake. Anayetaka cheti lazima aonyeshe sababu ya kweli ya kuhitaji silaha, na anayetoa cheti lazima aridhike kwamba mtu huyu anaweza kuruhusiwa bila hatari kwa usalama wa umma na amani. Mlevi hapewi, mwenye maradhi ya akili hapewi, na yeyote ambaye kwa sababu nyingine haonekani kufaa kuaminiwa na silaha hapewi. Maombi huishia kwa Bodi ya Leseni za Silaha, na kabla ya hapo kuna cheti cha tabia njema, uchunguzi wa afya, mafunzo ya kuishika na kuitumia, na maoni ya watu wa usalama wa mahali anapoishi.

Kwa mtu wa Lamu bara, hayo maoni ya usalama si jambo la kupita haraka. Tangu mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014 na operesheni ya msitu wa Boni iliyoanza 2015, kaunti hii imeishi na vizuizi vya barabarani, amri za kutotoka nje usiku, na magari ya abiria kusindikizwa na polisi. Wavuvi wa visiwani walizuiwa kuvua usiku kwa miaka. Mahali kama hapo, afisa anayeulizwa kama raia mmoja zaidi awe na bunduki karibu na msitu ataliuliza swali hilo kwa uzito, na sioni kosa lake. Mzee asiende na moyo wa kuvunjika akirudishwa mara ya kwanza. Na asimlipe mtu anayedai ana njia ya mkato.

Nilimchukua ami kwenda kuchukuliwa alama za vidole kwa ajili ya cheti cha tabia njema. Vidole vya mtu aliyekamua ng'ombe na kushika jembe miaka hamsini havitoi alama kirahisi. Mistari imelainika kama sarafu ya zamani. Kijana aliyekuwa akipaka wino alirudia kidole gumba mara tatu, akamwosha mzee kwa sabuni, akarudia tena. Ami alikuwa anatazama karatasi ile kama mtu anayetazama mtihani. Nalitaja hili kwa sababu familia nyingi hutuma pesa zikadhani zimemaliza. Mzee anahitaji mtu wa kwenda naye, siku baada ya siku, na huyo naye ni sehemu ya zawadi.

Pesa. Mtoto kumpa baba pesa hakuna tatizo lolote. Pesa ni zawadi ya kawaida, na anayelipa dukani ni mwenye cheti. Ziwe za kutosha si kwa bunduki tu, bali kwa safari, mafunzo, kabati la chuma na kuhuisha cheti kila mwaka.

Njia. Fupi na wazi: kutoka kwa muuzaji aliyesajiliwa hadi kwa mwenye cheti, na muuzaji mwenyewe hawezi kumwuzia bila kukiona.

Nyumba. Nyumba ya ami ni ya udongo na makuti, nzuri kwa joto, lakini ukuta wa udongo haushiki bolti. Kabati la chuma lisilofungwa mahali ni sanduku la mwizi kubeba. Ilibidi fundi aseme wazi: kwanza mmwagie sakafu ya zege kwenye kona moja, kabati lifungwe sakafuni. Wenye nyumba za mawe Mji wa Kale wa Lamu wana ukuta mnene, lakini chokaa ina chumvi na bolti huliwa na kutu bila kuonekana, zikaguliwe.

Kesho. Cheti hufa na mwenyewe. Watoto wajue tangu siku ya kwanza kwamba silaha haiingii kwenye mirathi kama ng'ombe.

Njia hii inamfaa mpokeaji mwenye afya na utulivu, mwenye hitaji linaloelezeka, na mwenye mtu wa karibu wa kumsindikiza. Haimfai anayetaka kumshangaza mtu kwa zawadi ya ghafla, kwa sababu haiwezi kuwa siri.

Kumhamishia bunduki yako

Binamu wa Magarini alikuwa na hoja nzuri. Bunduki anayo, ameilipia, haitumii sana, na baba yake anaihitaji zaidi. Kilichomkosesha ni kudhani kwamba leseni yake inaifunika silaha popote iendapo, kama bima ya gari.

Karatasi. Cheti kinamruhusu mtu fulani kuwa na silaha fulani. Kikiwa na jina la binamu, bunduki ikalala Witu, ami ana silaha bila cheti hata kama mwanawe yuko hai na anakubali. Mzee apate kwanza cheti chake kinachoitaja bunduki hiyo, kisha uhamisho ufanywe mbele ya maafisa wa leseni na rekodi za wote wawili zibadilishwe. Kwa hiyo njia hii haikwepi hatua hata moja ya njia ya kwanza. Kinachookolewa ni bei ya silaha tu.

Pesa. Hapa ndipo faida yake. Bunduki mpya ni ghali, na familia ambayo tayari inayo moja haina haja ya kununua nyingine.

Njia. Asiibebe binamu kwenye basi akaikabidhi nyumbani, hata kama cheti cha mzee kimeshatoka, mpaka aulize ofisi ya leseni makabidhiano yafanyike wapi. Barabara ya Malindi kwenda Lamu ina ukaguzi, na mtu mwenye bunduki anayeanza kueleza habari za zawadi kizuizini amechagua mahali pabaya pa kuanzia mazungumzo.

Nyumba. Zege lile lile, kabati lile lile. Ila niongeze moja kuhusu silaha ya zamani. Binamu alipoifungua ile yake tuitazame, ndani ya bomba palikuwa na madoa ya kutu madogo kama majani ya chai yaliyobaki kikombeni. Upepo wa bahari haubishi hodi. Silaha iliyokaa muda bila mafuta ikaguliwe na fundi mwenye ruhusa kabla hujampa mzazi wako aiweke begani.

Na kuazima je? Watu huniuliza, kwa sauti ya chini, kama mzee anaweza kukaa nayo "kwa muda tu", msimu wa mvua upite. Sheria imeshalijibu: kuazima ni kupata. Mwezi mmoja au usiku mmoja, bila cheti ni kosa kwa wote wawili, na binamu atapoteza leseni yake ambayo hakuipata kirahisi. Mwezi Desemba 2018 serikali iliwaagiza raia wote wenye silaha wajitokeze wahakikiwe upya. Aliyekuwa na silaha yake mahali pengine siku ile alikuwa na maelezo magumu ya kutoa.

Kesho. Sawa na njia ya kwanza.

Inawafaa ndugu wawili ambao mmoja anaacha kumiliki silaha na mwingine ana sifa zote, tena hawana haraka.

Kununua Marekani

Binamu wa Ohio hakuwa anasema uongo. Huko, kwa sheria ya taifa, mtu anaweza kuingia dukani, akalipa kwa pesa yake, akanunua bunduki kwa nia ya kumpa mwingine zawadi, na ikawa halali. Sheria kubwa ni ya mwaka 1968, na mnunuzi dukani hujaza fomu iitwayo 4473 kisha huchunguzwa rekodi zake. Lakini yapo masharti ambayo vijana wetu huyasikia nusu.

Karatasi. Fomu inauliza kama wewe ndiye mnunuzi halisi. Ukinunua kwa pesa yako umpe mtu bure, jibu ni ndiyo, hata kama silaha si ya kwako kukaa nayo. Ukinunua kwa sababu mwingine amekupa pesa au atakurudishia, wewe si mnunuzi halisi, na kujibu ndiyo ni kusema uongo kwenye karatasi ya serikali. Kiswahili kina maneno bora ya kutenganisha mambo haya kuliko fomu yenyewe: la kwanza ni zawadi, la pili ni kuagizwa dukani.

Kesi maarufu ni ya Abramski, iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu ya Marekani Juni 2014 kwa kura 5 dhidi ya 4. Alikuwa askari polisi wa zamani wa Virginia. Alimnunulia bastola mjomba wake aliyeishi Pennsylvania, au huenda alikuwa baba yake mdogo, maana Kiingereza hakitofautishi. Mjomba alimtumia hundi ya dola 400 kabla hajaenda dukani. Wote wawili walikuwa na haki ya kumiliki silaha. Tena alimkabidhi kupitia muuzaji mwenye leseni katika jimbo la mjomba, kama inavyotakiwa. Hata hivyo alipatikana na hatia, kwa kuwa aliandika kwamba anajinunulia mwenyewe. Hundi ile ndiyo iliyogeuza zawadi kuwa agizo. Mwaka 2022 Marekani ilipitisha sheria nyingine inayotaja kosa hilo la kumnunulia asiyeruhusiwa, na kifungo chake kinaweza kufika miaka 15.

Kwa watu wetu lipo jambo jingine ambalo naona halisemwi vya kutosha. Aliyeko Marekani kwa visa ya muda, ya masomo au ya utalii, kwa kawaida haruhusiwi na sheria ya taifa kuwa na bunduki, isipokuwa kwa misamaha michache kama mwenye leseni halali ya uwindaji ya jimbo. Asiye na karatasi za ukaazi haruhusiwi. Mwenye kadi ya kijani, yaani ya ukaazi wa kudumu, anaruhusiwa. Binamu ana kadi hiyo. Kijana mwingine wa hapa Malindi, mwanafunzi huko huko, alimwomba amnunulie bastola, pesa atampa, "wewe andika tu jina lako". Binamu alikataa, wakanuniana miezi kadhaa. Kwa maoni yangu alimwokoa mwenzake masomo na visa, na yeye mwenyewe akaokoa kadi yake.

Pesa. Ziwe zako zote, zisirudi kwako kwa mlango wowote, si kwa pesa taslimu wala kwa deni lililosamehewa. Kama mnataka kuchangishana, au huna hakika mpokeaji anaruhusiwa, kuna njia safi zaidi: kadi ya zawadi ya duka. Mpokeaji anakwenda mwenyewe, anajaza fomu kwa jina lake, anachunguzwa yeye. Ni njia ya binti wa Mombasa iliyovaa nguo za Marekani.

Njia. Kama mpokeaji anaishi jimbo jingine, raia wa kawaida hawezi kumpelekea tu. Silaha lazima ipitie kwa muuzaji mwenye leseni katika jimbo la mpokeaji. Na majimbo mengine, California likiwemo, yana masharti ya ziada hata ndani ya jimbo moja. Umri nao unaangaliwa: muuzaji hawezi kumwuzia bastola aliye chini ya miaka 21, wala bunduki ndefu aliye chini ya 18.

Sasa njia ya kuja huku. Kutoa silaha Marekani kwahitaji ruhusa ya serikali ya huko, kuingiza Kenya kwahitaji kibali cha huku, na mpokeaji lazima awe na cheti chake. Binamu alikuwa amefikiria lile pipa la nguo na viatu analotuma kila mwaka kwa meli hadi Mombasa. Niliposikia nilimpigia simu usiku ule ule bila kujali kwao ni saa ngapi. Silaha ndani ya pipa la zawadi ni magendo, hata ikiwa imefunikwa na makanzu ya baba, na jina lililoandikwa juu ya pipa ni la mzee. Kipande cha bunduki nacho, bomba au kufuli lake, usikione kuwa chuma tu. Sehemu muhimu za silaha zinahesabiwa kuwa silaha. Risasi vilevile.

Nyumba na kesho. Huko hakuna sheria moja ya taifa inayosema wapi ifungiwe, majimbo yanatofautiana. Ukimpa mtu mwenye watoto wadogo, mpe na kufuli. Urithi una nafuu yake: aliyeachiwa silaha kwa wasia au kwa mirathi katika jimbo jingine anaweza kuichukua bila kosa la kuvusha, alimradi yeye mwenyewe hajakatazwa kuwa na silaha na anafuata sheria ya jimbo lake.

Inamfaa aliyeko Marekani anayempa aliyeko Marekani, wote wawili wakiwa na haki, na pesa ikiwa ya mtoaji. Kwa mzazi aliyeko Witu au Malindi, haimfai kabisa.

Kutoa kitu kingine

Kitinda mimba alichekwa kidogo kwenye kikundi cha simu cha familia. Taa dhidi ya simba! Lakini ndiye pekee aliyeanza na tatizo la mzee badala ya kuanza na dukani.

Kwanza ieleweke cheti cha bunduki kinaruhusu nini. Uwindaji umepigwa marufuku Kenya tangu 1977, na leseni ya silaha si ruhusa ya kuua mnyama wa porini. Mfugaji anayempiga simba risasi zizini yuko mahali pagumu kisheria hata akiwa na cheti mfukoni. Bunduki ingempa ami kishindo cha kumtisha mnyama, na utulivu wa moyo, ambao siudharau. Nimekaa naye usiku zizini na najua giza la kule lilivyo. Lakini kishindo na mwanga vinapatikana kwingine. Taa ndogo za betri ya jua zinazowaka na kuzima kuzunguka zizi zilibuniwa na Richard Turere akiwa mvulana wa Kimaasai anayechunga ng'ombe wa baba yake kando ya Mbuga ya Nairobi. Simba hudhani mtu anatembea na tochi. Wafugaji wengi wamezichukua tangu hapo. Ongeza uzio mzito wa miiba na mbwa wawili wanaobweka.

Karatasi. Hazihitajiki kwa taa. Ila ipo moja ya kumsaidia mzee kujaza: madai ya fidia. Sheria ya wanyamapori ya 2013 inaruhusu mfugaji kudai fidia ya mifugo iliyouawa na wanyama kama simba na fisi. Tukio liripotiwe kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori mapema, mzoga usiondolewe kabla ya kuonekana, picha zipigwe. Ami hakuwa na mzoga, alikuwa na kamba. Tuliipeleka kamba.

Pesa. Ndogo kuliko njia zote, na kila mtoto anaweza kuchangia bila mtu kuulizwa pesa zimetoka wapi.

Njia, nyumba na kesho. Taa zinasafiri kwenye basi, zinalala nje, na akifa mzee zinabaki kwa anayechunga.

Kama zawadi ni ya heshima na si ya kazi, kwa bwana harusi au mzee anayestaafu, pwani haijakosa vitu. Jambia la kuvaa na joho siku ya harusi, bakora iliyochongwa vizuri, au upanga wa kuchezea ngoma hubeba maana ile ile ya uanaume na ulinzi ambayo watu huitafuta kwenye bastola. Vivaliwe mahali pake, si kwenye matatu. Gobore la babu la kutundika ukutani ni jambo tofauti: kabla hujalitoa zawadi au kulipokea, waulize polisi, kwa maana bomba linaloweza bado kutoa risasi halijui kwamba ni pambo.

Inamfaa mwenye tatizo la mifugo, mwenye nyumba isiyo na mahali pa kufungia silaha, mwenye wajukuu wengi, na yeyote ambaye nafsi yake haina raha na bunduki lakini anaona haya kuwaambia watoto.

Kwa hali yako

Kama mzazi wako ana hitaji la kweli na yuko tayari kuchunguzwa, mlipieni na mmsindikize, na mweke taa wakati mnasubiri. Ami alichagua hivyo. Zege limeshamwagwa, maombi yake hayajajibiwa, na zizi lina taa nane. Binamu wa Magarini bado ana bunduki yake, imepakwa mafuta.

Kama unayo silaha na unataka kuiacha, usianze kwa kumtafuta wa kumpa. Anza ofisi ya leseni, uulize kama unayemkusudia anaweza kupata cheti. Akikosa, uliza namna ya kuisalimisha au kuiuza kupitia muuzaji aliyesajiliwa.

Kama uko Marekani na unampa ndugu aliye huko huko, jiulize nani anatoa pesa kisha uulize visa yake ni ya aina gani. Ukisita kwenye swali lolote kati ya hayo, nunua kadi ya duka. Na pipa la Mombasa lijae nguo.

Kama aliyekusudiwa amegombana na mkewe siku hizi, anakunywa, au amekuwa na huzuni isiyokwisha, usiitoe bunduki kwa njia yoyote, hata cheti angekuwa nacho. Mpe muda wako.

Na kama baba ameshafariki na mmeikuta bunduki chini ya kitanda wakati wa kugawa vitu, yenye leseni au isiyo nayo, msiiguse wala msiipakie kwenye gari kuipeleka mjini. Fungeni chumba, mtu mmoja aende kituo cha polisi kilicho karibu na cheti cha kifo na leseni ya marehemu kama ipo, aombe waje kuichukua wenyewe, na asiondoke bila karatasi ya kupokelewa yenye nambari ya silaha. Kama kuna mrithi anayeitaka, ataiomba kwa jina lake kutoka hapo.